Kisanduku cha Salamu

Kabla ya kufungua mashine yoyote, Chef aliigonga mara mbili kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayebisha hodi, akangoja kidogo, ndipo akashika bisibisi. Nilimwona akizibishia hodi printa, friji za chanjo, taa ya chumba cha upasuaji, hata birika la umeme la msimamizi wa hospitali. Siku moja nilimuuliza kama mashine inasikia.

“Haisikie,” akasema. “Lakini miye nasikia. Nikigonga, nakumbuka niko ku mulango ya muntu.”

Jina analo, na watu wa kwao wanalijua. Hospitalini sote tulimwita Chef, kwa sababu alikuwa mkuu wa ufundi, na kila kilichotumia umeme kilikuwa mikononi mwake. Alizaliwa wapi na kwa nani, sikuuliza, naye hakusema. Ninachokijua ni miaka kumi na minne ya kumwona kila asubuhi katika karakana yetu nyuma ya jengo la wafuaji nguo, hapa Lubumbashi, na hiyo inanitosha.

Alikuwa mfupi, mwenye ovaroli la buluu lililofuliwa mpaka likawa jeupe magotini. Vidole vyake vilikuwa vinene, na kwenye kompyuta alitumia viwili tu. Kwa vidole hivyo viwili aliandika programu nzima. Alikuwa amejifunza kazi hiyo kichwa kikiwa tayari na mvi, kutoka kitabu kikubwa cha Kifaransa alichokivalisha jalada la kalenda ya zamani. Alikisoma saa sita mchana, huku akila bukari, ugali wa kwetu, na samaki wa tomsoni, kwa hiyo kurasa ngumu, zile alizozirudia mara nyingi, zilikuwa na mafuta. Programu ilipokataa kufanya kazi hakutukana. Alisema tu, “Turudie ku ukurasa ya samaki,” akakifungua kitabu palepale.

Mimi nilikuwa mfagiaji. Baba na mama walitutoka katika mwaka mmoja, nikabaki na wadogo wanne, nikaacha shule mwaka wa tatu wa sekondari. Nyumbani kwetu, mtaani Katuba, naitwa Yaya, yaani dada mkubwa, na hata majirani walionizidi umri wananiita hivyohivyo. Sisemi haya ili nihurumiwe. Nayasema kwa sababu Chef aliyajua yote, na hakuwahi hata siku moja kunihurumia. Alinipa kazi ngumu.

Zamani hapakuwa na utaratibu wa kuomba fundi. Ulimwona Chef korido, ukamshika mkono. Akitoka karakana kwenda famasia alishikwa mara kumi. Kila aliyemshika alianza kwa habari za nyumbani, kisha za mvua, mwisho ndiyo printa. Naye Chef, kwa kuwa mikono ilikuwa imejaa vyombo, aliandika maombi kwa kalamu ya bic juu ya mkono wake wa kushoto, kuanzia kifundo hadi kwenye kiwiko. Watu walizoea kumwona ana maandishi kama ukurasa.

Siku moja ya masika alikatiza uwanja mvua ikinyesha. Alipofika ng'ambo mkono ulikuwa mtupu, wino wote umeoshwa. Aliketi kwenye ngazi akajaribu kukumbuka, akakumbuka maombi kumi. La kumi na moja lilikuwa mashine ya kuchemshia vyombo vya upasuaji. Asubuhi yake mama mmoja, ambaye hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana, aliambiwa arudi kitandani angoje siku nyingine.

Hakuna aliyemlaumu Chef. Hakuna aliyejua. Lakini alikwenda mwenyewe hadi kwenye kitanda cha yule mama, kofia mkononi, akaanza palepale: kosa ni langu, nilisahau. Yule mama akamtazama juu chini.

“Baba,” akamwambia, “hata jambo haunisemee?”

Chef alikisimulia kisa hiki mara nyingi, na kila mara alicheka alipofika hapo, ila macho yake hayakucheka. Wiki ileile alipigilia misumari kwenye ubao, akaweka karatasi zilizokatwakatwa na bic iliyofungwa kwa kamba. Ndio ulikuwa mwanzo wa kila kitu. Mwenye shida aandike mwenyewe, kwa lugha aitakayo, karatasi ipewe namba, itundikwe. “Kama haukuandika, haukuomba,” alisema. “Ulilia tu.” Na karatasi haikutolewa msumarini na fundi. Ilitolewa na aliyeitundika, akija mwenyewe kusema kwamba kitu kimepona. Watu waliona ni usumbufu. Chef alisema mgonjwa ndiye anayejua kama amepona, si daktari.

Msimamizi alijaribu huo ubao mapema. Birika lake lilikuwa limekufa, akaja karakana na tai yake kukumbusha cheo chake.

“Chef, miye njo administrateur.”

“Njo vile, papa,” Chef akajibu bila kuinua kichwa. “Namba tisa.”

Msimamizi alikunywa maji baridi siku mbili. Wafuaji walicheka wiki nzima.

Mimi nilikuwa nikifagia chini ya ubao ule, na nilipofagia nilisoma. Shule niliiacha, macho hayakuacha. Asubuhi moja nilimwambia Chef kwamba karatasi ya nne na ya kumi na moja ni ugonjwa mmoja.

“Nani amekuambia?”

“Nafagia kule, Chef. Taa ya maabara ikicheza, ile ya famasia nayo inacheza. Iko waya moja.”

Alikwenda akaangalia. Aliporudi akauliza, “Umesoma mupaka wapi?”

“Troisième.”

“Nani alikukatalia kuendelea?”

“Matumbo ya batoto bane, Chef.”

Hakusema pole. Kesho yake nilikuta kiti cha pili karakana, kimekatwa miguu kidogo ili kilingane na urefu wangu. Kuanzia hapo nilifagia mpaka saa nne, kisha nikakaa kwenye kile kiti nikapanga karatasi. Na kila asubuhi, kabla ya neno lolote la kazi, aliwaulizia wadogo zangu mmojammoja, kwa mpangilio wa umri: “Ule wa kushona? Ule wa kukohoa? Ule wa bongo? Na kale kadogo ka maswali?” Wa bongo ni yule wangu wa tatu, aliyekuwa muongo sana utotoni. Chef hakuwahi kuwaona kwa macho. Hakumruka hata mmoja, hata asubuhi ambazo friji zote za chanjo zilikuwa zinalia.

Walikuwepo waliosema ni mtu mgumu, na hawakukosea. Mtu huyu aliyehubiri foleni alikuwa mwizi wa foleni mkubwa kwenye mkate. Nilimwona kwa macho yangu pale dukani mbele ya lango, akimwambia mama aliyekuwa mbele yake kwamba ameacha mgonjwa wazi kwenye meza ya upasuaji. Mgonjwa huyo alikuwa redio. Alichukia makaratasi, akasema karatasi ni kaburi la kazi, lakini alitunza kila karatasi iliyowahi kutundikwa kwenye ubao, ndani ya magunia ya unga wa mahindi, na panya walipotoboa gunia moja alikasirika kama aliyeibiwa. Aliwadai watu wote salamu, lakini simu yake ikilia aliitazama mpaka inyamaze.

Tulipohama kutoka ubao kwenda kwenye kompyuta, aliandika ile programu mwaka mzima. Kila idara ilikuwa na kompyuta yake, na sasa kila moja ingeonyesha ukurasa mmoja: idara yako, chombo chako, kisha mstari wa kuandika shida. Alihesabu kwamba shida ya kweli haizidi herufi themanini, akaukata mstari hapo. “Printa haivute karatasi” ni herufi ngapi? Alikuwa na hakika. Siku ya kwanza alivaa ovaroli jipya. Saa tatu akachapa orodha, maombi kumi na manne, akavaa miwani, akaanza kunisomea kwa sauti.

La kwanza lilitoka kwa mama muuguzi wa uzazi, ambaye hospitali nzima ilimjua kwa salamu zake ndefu. “Bonjour Papa Chef, umeamuka muzuri? Bantu ya ku nyumba beko bien? Sisi tuko, Mun.” Limekatika hapo.

La pili, famasia. “Jambo yenu bote ba karakana, poleni na kazi ya jana, tuliona vile mulitoka mumec.”

La tatu, wafuaji. “Chef, kwanza pole na kilio ya jirani yako, tulisikia tu jana, hatukuweza kuja ku.”

Alisoma mpaka la kumi na nne. Yote yalikuwa salamu. Hapakuwa hata na printa moja. Niliuma kitambaa cha kufutia vumbi ili nisicheke, lakini Chef alikuwa ameketi kama mtu aliyechapwa. Mwaka mzima, na hakujua ni nini kimeharibika mahali popote.

Msimamizi alikuja akaiona orodha. “Uandike pale juu, kwa herufi kubwa: salamu ni marufuku.”

Chef akashusha miwani. “Papa, namba tano njo weye.” Akamsomea: “Chef, veuillez agréer l'expression de mes salutations les plus distinguées et de.” Kifaransa kitupu, salamu tupu, nacho kimekatika kama vingine. Msimamizi alitoka akidai kuna mtu anamngoja.

Siku mbili Chef hakugonga hodi kwenye mashine yoyote. Niliona anataka kuurefusha mstari, nikamwambia haitasaidia, atasoma habari za nyumbani mpaka jioni. “Bantu habatakuwa bengine, Chef. Weka kisanduku ya salamu peke yake, juu. Shida ikae chini yake.”

“Kisanduku ya salamu,” akasema. “Ndani ya système.”

“Njo vile. Muntu asalimie, amalize, kisha aseme.”

Kisha akalivua lile ovaroli jipya, akavaa la zamani, akakifungua kitabu kwenye ukurasa wa samaki. Baada ya siku tatu maombi yalianza kuja yamekamilika, salamu juu, shida chini, na Chef alizisoma salamu zote. Alijua nani amefiwa na nani amejaliwa mapacha. Akienda kutengeneza printa ya famasia alianza na pole ya msiba, na hakuhitaji kusimamishwa korido.

Lakini ikaja shida nyingine. Alikuwa ameweka mahali pa kuchagua: ya kawaida, haraka, haraka sana. Ndani ya wiki moja hospitali nzima ikawa haraka sana. Kompyuta ya mapokezi inacheza wimbo peke yake: haraka sana. Kiti cha katibu kinalia: haraka sana. Birika, lazima niseme? Chef aliwaita wakuu wa idara akawasihi. Walikubali, wakarudi ofisini, wakaendelea.

Hapo ndipo nilipomwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Siku baba alipokufa, jirani yetu aliingia ndani bila hodi. Ni mama ambaye hata akija kuomba chumvi husimama mlangoni akasalimia mpaka paka. Siku ile alivuka kizingiti kimya, nami nikajua kabla hajafungua mdomo. Na mama alipokufa ilikuwa vilevile, mtu mwingine, kimya kilekile.

“Bantu banabongopa ku haraka,” nilimwambia Chef. “Ku salamu habawezi. Angalia ile kisanduku. Yenye iko wazi, njo moto ya kweli.”

Aligonga meza mara mbili kwa kifundo cha kidole, kama anavyogonga mashine, akavuta kibodi. Jioni ile, kabla sijaenda nyumbani, programu ilikuwa imebadilika. Ombi lenye salamu lilikwenda kwenye foleni, kwa namba yake, hata kama limeandikwa haraka sana mara tatu. Ombi lisilo na salamu lilipanda juu ya yote na kengele ikalia karakana. Hatukumwambia mtu. Chef alisema siku watu wakijua, wataanza kunyima salamu kwa makusudi, na hiyo itakuwa hasara kuliko mashine zote za hospitali.

Mwaka uliofuata baraza la hospitali lilitaka kununua programu kutoka nje, yenye jina na muhuri, na kwa mujibu wa programu hiyo msomaji wa maombi lazima awe na diploma. Sikuwa nayo. Ningerudi kufagia, na zaidi ya hapo, kile nilichokijua kuhusu watu wetu kingebaki kwenye ufagio. Wa kukohoa alikuwa anaingia chuo mwaka ule. Sikulala vizuri, lakini kazini sikuonyesha.

Chef aliliomba baraza lingoje mpaka mwisho wa mwezi. Msimamizi akamuuliza kutabadilika nini mpaka hapo. “Siyue,” alijibu. “Ngojeni tu.”

Ilikuwa Jumanne, kama saa tano asubuhi. Chef alikuwa chini ya meza ya maabara, mimi nipo kwenye kiti changu. Maombi kumi na nane yalikuwa kwenye foleni. Kengele ikalia. Juu ya orodha palitokea ombi la uzazi, kutoka kwa yuleyule mama wa salamu ndefu. Kisanduku cha salamu kilikuwa kitupu. Chini yake maneno matatu: “Couveuse iko baridi.” Couveuse ni kile kitanda cha kioo cha kuwapasha joto watoto njiti. Hata mahali pa haraka hakuwa amepagusa, palikuwa bado pamebaki “ya kawaida”.

Nilikimbia. Sijui nilimwambia nini Chef. Nakumbuka alitoka chini ya meza akiwa tayari anakimbia, mtu wa umri ule, bisibisi mdomoni. Tulimkuta mama muuguzi peke yake na kinamama wawili waliojifungua. Simu ya ukutani ilikuwa mwisho wa korido, naye asingeweza kuwaacha. Alikuwa amemtoa mtoto, mdogo kama njiwa, akamlaza kwenye kifua cha mamake na kuwafunika, na kwa mkono uliobaki ndio akaandika. Chef aliigonga ile couveuse mara mbili. Hata siku ile aligonga. Waya wa joto ulikuwa umeungua. Aliubadilisha kwa waya wa mashine nyingine mbovu, na mtoto alirudishwa kwenye joto akiwa na sauti, tena sauti kubwa.

Tulipotoka, yule mama muuguzi alinishika mkono mlangoni. “Yaya,” akasema, “unisamehe, hata bonjour sikukusemea.”

Mwisho wa mwezi Chef alivaa lile ovaroli jipya, akaniambia twende barazani. Nilidhani atasema yeye. Alikaa, akanionyesha kwa kidevu. Nikasimama mbele ya watu wenye suti, na viatu vyangu vya kufagilia, nikawaeleza kwa Kiswahili chetu jinsi programu inavyosoma kisanduku cha salamu na kwa nini, nikawaomba siri ile isivuke mlango. Wengine walicheka. Msimamizi hakucheka, nadhani alikuwa anakumbuka namba tano. Mwenyekiti akauliza swali moja tu: na diploma?

Hapo Chef alisimama.

“Ile ya diploma ingemuweka mutoto namba kumi na tisa,” akasema, akakaa.

Programu ya nje haikununuliwa. Jina langu liliandikwa kwenye mlango wa karakana, chini ya lake, msimamizi wa maombi, na Chef alilipaka rangi mwenyewe. Herufi zilipinda kidogo. Sijamruhusu mtu azinyooshe.

Alistaafu miaka mitatu iliyopita, akahamia Kambove. Hakutaka sherehe. Aliniachia karakana, kitabu chenye jalada la kalenda, na magunia yote.

Mwaka huu alirudi, safari hii kama mgonjwa. Walimfanyia upasuaji wa ngiri, akalazwa wodi ya wanaume. Sikujua amefika. Nilijua kutoka kwenye skrini. Ombi la saba asubuhi ile lilitoka wodi ya wanaume, limeandikwa na muuguzi, lakini maneno hayakuwa ya muuguzi:

“Bonjour Chef yangu. Umeamuka muzuri? Ule wa kushona? Ule wa kukohoa? Ule wa bongo? Na kale kadogo ka maswali? Karakana iko bien? Ukuta wa nyuma baliupaka tena? Miye niko, naendelea.”

Chini yake: kengele ya kitanda cha nne hailie.

Nilisoma mstari wa kwanza mara nyingi. Miaka yote ile alikuwa ameniita binti, au Yaya, au weye pale. Chef lilikuwa jina lake.

Fundi wangu mmoja alikuwa ameshashika kisanduku cha vyombo. “Twanzie kule, mama. Si iko muzee mwenyewe?”

“Iko namba saba,” nikamwambia.

Sitadanganya. Nilichukua koleo nikafika mpaka kwenye ngazi za wodi. Nilisikia anavyokohoa. Nilirudi. Tulianza na la kwanza, printa ya mapokezi, tukaenda la pili, la tatu, kila moja kwa hodi yake, na la saba nilikwenda mwenyewe, peke yangu, saa nane.

Alikuwa amekonda. Macho yalikuwa yaleyale.

“Nilikuwa wa ngapi?”

“Wa saba, Chef.”

“Hakuna mwenye alirukwa?”

“Hakuna.”

“Bien,” akasema, akafumba macho kama mtu aliyekunywa maji.

Niligonga ukuta mara mbili, nikafungua kengele. Waya haukuwa umekatika wala kuoza. Skrubu yake ilikuwa imelegezwa vizuri, kwa mkono unaojua, na waya umekunjwa pembeni kwa adabu ili usiguse kitu. Nikatazama juu ya kabati lake. Kando ya kikombe palikuwa na kijiko ambacho ncha yake ilikuwa imechubuka. Nikamtazama. Alikuwa anasoma dari.

Nilikaza skrubu, nikabonyeza, kengele ikalia mpaka muuguzi akaja mbio. Kisha nikampelekea kompyuta kibao ya wodi, kwa kuwa sheria ni yake mwenyewe: ombi hufungwa na aliyeliomba.

“Imepona, Chef. Bonyeza hapa.”

Alibonyeza kengele. Ikalia. Akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

“Hapana,” akasema. “Sauti haiko muzuri. Urudie kesho.”

Nilirudi kesho. Na kesho kutwa. Siku tisa alizolala pale, kila saa nane nilikwenda kuangalia kengele nzima isiyo na ugonjwa, akaisikiliza, akakunja uso, akaniuliza habari za mmojammoja, kisha akasema bado. Siku ya kutoka nilimsindikiza hadi langoni, nikamkumbusha kwamba ombi bado liko wazi.

“Liache,” akasema. “Nitalifunga nikikuya tena.”

Kwenye orodha yangu maombi yote ya mwaka huu yamefungwa, isipokuwa moja jekundu. Msimamizi mpya, ambaye hakumkuta Chef, ameniuliza mara mbili kwa nini kengele ya kitanda cha nne haitengenezwi, wakati kila mgonjwa anaibonyeza na inalia.

Nilimwambia ninavyowaambia wote: mwenyewe hajafunga.

“Ni nani huyo mwenyewe?”

“Papa,” nikamjibu, “kwanza tusalimiane. Kisha nitakueleza.”